Karakana ya Waamish: upepo badala ya umeme wa nguzo

Swali, kutoka Lancaster, Pennsylvania

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za huko. Karakana moja ya makabati ya Waamish, Wakristo wanaoishi kwa desturi za zamani, inachukua wafanyakazi hata wasio wa kanisa lao. Naambiwa hakuna umeme, lakini misumeno inazunguka kutwa nzima. Inazungushwa na nini, na mgeni ajihadhari na nini? Halafu, hawa na Wamennonite wa kwetu Mara ni ndugu?

Jibu, fundi mitambo, Lancaster

Marahaba. Kwanza ondoa wazo kwamba wanakataa mashine. Wanachokataa ni waya wa kampuni ya umeme kuingia kwenye majengo yao. Hapa Lancaster walikubaliana hivyo karibu na mwaka 1920, kwa hoja kwamba nyumba ikishafungwa kwenye waya ule, mambo mengi ya dunia yatapitia humo. Betri ya volti 12 inasimama peke yake, haijaunganishwa na mtu wa nje, ndiyo maana ilipita. Upepo (yaani hewa iliyoshindiliwa kwa kompresa) na oili ya haidroliki (inayosukumwa na pampu kwa presha) vilipita kwa sababu hiyo hiyo.

Nyuma ya karakana utakuta kibanda chenye injini ya dizeli. Injini inazungusha kompresa na, kwa mkanda mwingine, pampu ya haidroliki. Upepo unawekwa kwenye tangi kubwa, mara nyingi tangi kuukuu la gesi ya kupikia, kisha mabomba yanausambaza kwa presha ya PSI 100 (pauni kwa inchi ya mraba) hivi. Mashine zenyewe ni zile zile za dukani. Mota ya umeme imeng'olewa, mahali pake imefungwa mota ya upepo. Drili, mashine za msasa na vyerehani vinakwenda kwa upepo. Msumeno wa meza na randa kubwa hupewa mota ya haidroliki, kwa sababu upepo ni ghali: ili mota ya upepo itoe nguvu farasi 1, kompresa inakula nguvu farasi 7 au 8. Sehemu kubwa inapotea kama joto.

Adui wa kwanza ni maji. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na ikipoa unyevu wake hugeuka matone. Kila jioni fungua koki iliyo chini ya tangi mpaka itoke hewa kavu. Bomba kuu lilazwe kwa mteremko kuelekea kwenye koki, na tawi la kila mashine litokee mgongoni mwa bomba, lipinde kama shingo ya bata, ndipo lishuke. Likitokea tumboni, maji yote yanaingia kwenye mota. Mwezi wa Januari maji hayo huganda. Dalili yake ni kwamba geji ya tangi inasoma vizuri lakini msasa hauna nguvu. Usikimbilie kuongeza presha. Tafuta barafu kwenye kona, au kichujio kilichoziba.

La pili ni oili. Mota nyingi za upepo zina vibati vinavyoteleza ndani, na bila oili vinasagika, kwa hiyo kabla ya mashine hufungwa kikombe kinachodondosha oili kwenye upepo. Lakini laini ya kupulizia vanishi isipite kabisa kwenye kikombe hicho. Chembe ya oili ikifika kwenye bunduki ya rangi, vanishi inakimbia na kuacha viduara kama macho ya samaki, na mlango wa kabati unarudi kupigwa msasa upya. Karakana nzuri ina laini mbili tangu mwanzo.

Sasa hili nakuomba ulishike kuliko yote. Kwenye umeme umezoea kwamba ukichomoa waya mashine imekufa. Hapa injini ikizimwa, tangi bado limejaa. Msumeno uliokwama unaweza kuruka kwa upepo uliobaki wakati vidole vyako vimo. Funga valvu ya mashine hiyo, fungua ya kutolea upepo, subiri geji isome sifuri, ndipo uguse. Na mpira wa haidroliki ukianza kuvuja, usiupapase kwa mkono kutafuta tundu. Pitisha kipande cha boksi. Oili ya presha hupenya ngozi, kidonda kinaonekana kama cha sindano tu, na baada ya saa chache mkono unaweza kuwa wa kukatwa. Ukichomwa hivyo nenda hospitali papo hapo, na uwaambie waziwazi ni oili ya haidroliki, wasije wakakupa plasta.

Usijipulizie vumbi mwilini kwa mpira wa upepo. Sheria ya usalama kazini inataka upepo wa kusafishia usizidi PSI 30, tena kuwe na kinga dhidi ya vumbi linaloruka.

Jibu, mhasibu, Columbus, Ohio

Kaka, kabla ya kuanza uliza mambo mawili. Waamish wanaojiajiri walisamehewa kodi ya hifadhi ya jamii mwaka 1965, wanajaza Fomu 4029 ya kuomba msamaha huo. Tangu 1989 msamaha huo unawafikia pia walioajiriwa, lakini kwa sharti kwamba mwajiri na mwajiriwa wote wawili ni waumini waliosamehewa. Wewe humo. Kwako lazima akate na achangie kama mwajiri yeyote, na makato yaonekane kwenye hati ya mshahara. La pili ni bima ya ajali kazini. Wao hubebana wenyewe kanisani mtu akiumia. Wewe hutabebwa na mfuko wao wa kanisa, kwa hiyo hakikisha umo kwenye bima kabla hujashika msumeno.

Jibu, Holmes County, Ohio

Fundi kaeleza vizuri, ila usichukue desturi ya Lancaster ukaipeleka kila mahali. Masharti yao yanaitwa Ordnung, na kila usharika, wenye familia 20 hadi 40 hivi, unayathibitisha mara mbili kwa mwaka kabla ya Meza ya Bwana. LaGrange, Indiana, utawakuta kwenye baiskeli. Lancaster wanasukuma skuta kwa mguu, kwa sababu baiskeli inampeleka kijana mbali mno. Kundi la Swartzentruber, Waamish wenye masharti makali zaidi, linakataa mengi ambayo wenzao walishakubali.

Trekta ndiyo inayoonyesha wanavyopima. Lancaster trekta inaruhusiwa ghalani kuendesha mashine kwa mkanda, lakini haiingii shambani, na magurudumu yake ni ya chuma. Trekta ikiwa na matairi ya mpira itapanda barabarani, na baada ya hapo ni gari. Shambani utaona mashine ya kufunga majani yenye injini yake kabisa, inavutwa na nyumbu (wale wa punda na farasi, si wa porini). Watu hucheka wakidhani ni mkanganyiko. Injini inapunguza kazi, nyumbu wanazuia shamba lisikue likammeza jirani.

Maziwa pia. Kampuni zilipotaka matangi ya kupozea, miaka ya 1960, viongozi wa Lancaster walikubali mwishowe tangi linalopozwa kwa dizeli na kukorogwa kwa mota ya betri ya volti 12. Maziwa ya daraja la juu lazima yafike nyuzi 7 za Selsiasi ndani ya saa 2 baada ya kukamua, na bila kukoroga hayapoi sawasawa. Walichokataa katakata ni lori kuja kuchukua maziwa Jumapili.

Simu iko kwenye kibanda cha nje, pengine cha familia kadhaa. Acha ujumbe, taja namba yako mara mbili polepole, usitegemee kujibiwa siku hiyo. Na mkipanga muda uliza: baadhi yao huku hawasogezi saa wakati wa kiangazi, kwa hiyo saa mbili yao si saa mbili ya mjini. Sisi tuliozoea kuuliza "ya Kiswahili au ya Kizungu?" haitusumbui sana.

Kuhusu Mara: ni ndugu wa mbali. Jakob Ammann alijitenga na Wamennonite wa Uswisi na Alsace mwaka 1693, na Waamish wametokana naye. Waliofika Shirati mwaka 1934 walikuwa Wamennonite, waliotumwa kutoka hapo hapo Lancaster County.

Jibu, dereva, Lancaster

Kwa wanaofikiria kazi ya kuwabeba: hawamiliki gari wala hawaendeshi, lakini wanapanda, na safari ni nyingi. Tume ya Huduma za Umma ya Pennsylvania ina kibali maalumu cha kubeba watu ambao imani yao inawazuia kumiliki au kuendesha gari. Usianze bila hicho. Bima ya gari binafsi kwa kawaida haikulipii ajali ukiwa na abiria wa kulipa. Ukivuka mpaka wa jimbo kwa malipo na gari la watu 9 hadi 15, dereva akihesabiwa, unahitaji namba ya USDOT, yaani ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. Bei ya maili na ya kusubiri mkubaliane kabla ya kuwasha gari.

Na sote tunaoendesha huku: gari la farasi linakwenda kama kilomita 10 kwa saa. Ukiwa kwenye kilomita 90 kwa saa, mita 150 zinaisha kabla ya sekunde 7. Ukiona pembetatu ya rangi ya chungwa, alama ya chombo cha mwendo wa polepole, ondoa mguu kwenye mafuta hapo hapo. Ohio tangu 2022 sheria inadai pia taa ya njano inayomweka, lakini Waswartzentruber wengi hawataki pembetatu, wanabandika utepe wa kuakisi, kwa hiyo usiku usiitafute pembetatu peke yake. Usipige honi karibu na farasi. Mkisimama kwenye taa nyekundu acha nyuma yake nafasi ya urefu wa gari zima, kwa sababu mara nyingi linarudi nyuma kidogo kabla farasi hajavuta.