Njia moja ya waenda kwa miguu, baiskeli na farasi ndani ya hifadhi ya kihistoria: naomba ushauri

Mtunza Njia:
Wakuu, salaam. Kuna njia ya kilomita 4 inayokatiza hifadhi ya kihistoria, inatumiwa na waenda kwa miguu, baiskeli na wapanda farasi. Shida ni mbili. Kwenye mteremko wa mita 60, maji ya mvua yanashuka katikati ya njia na kuikata. Watu wanakwepa tope, na sasa wanakanyaga msingi wa ukuta wa kale. Pili, chini ya mteremko kuna kona isiyoonekana mbele, baiskeli zinaibuka na farasi wanashtuka. Kuchimba ni marufuku. Tuanzie wapi?

Fundi Changarawe:
Anzeni na kipimo, koleo baadaye. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1, ncha moja ikae chini upande wa juu, ncha ya pili iinue mpaka pimamaji isome sawa, halafu pima nafasi iliyobaki hadi ardhini. Sentimita 12 ni asilimia 12. Pima hivyo hivyo mteremko wa kilima chenyewe, pembeni ya njia. Mteremko wa njia usizidi nusu ya ule wa kilima; ukizidi, maji hayatoki pembeni, yanaifanya njia kuwa mfereji.

Mtunza Njia:
Njia 12, kilima 16.

Fundi Changarawe:
Mmezidisha, ilipaswa kuwa 8. Dawa ya kweli ni kuihamisha njia izunguke kilima, ila mkondo mpya lazima wanaakiolojia waukague kwanza. Kwa sasa jengeni kwenda juu. Tandazeni jiotekstaili, yaani kitambaa kigumu cha ujenzi kinachopitisha maji, juu ya ardhi ilivyo: kinazuia mawe kuzama topeni, na siku yakiondolewa, kitaonyesha udongo wa kale unapoanzia. Juu yake wekeni sentimita 15 za kokoto za kuvunjwa pamoja na vumbi lake, kwa tabaka mbili, kila moja ishindiliwe ikiwa na unyevu. Msichukue mawe ya mtoni. Ni ya duara, yanabingirika chini ya kwato na matairi. Kwa upana wa mita 2 hiyo ni mita za ujazo 18 zikishashindiliwa, kwa hiyo agizeni kama 23. Karibu na ukuta shindilieni kwa mkono, mashine ya kutetemesha italegeza mawe yake.

Ukuta uko upande gani?

Mtunza Njia:
Bondeni, kwenye mita 15 za mwisho.

Kwato Nne:
Niongezee kuhusu farasi. Hamwoni aliye nyuma yake kabisa, na baiskeli haina kishindo, kwa hiyo kwake ni kama mnyama mkali anayenyatia. Mwenye baiskeli akikutana naye asimame, ashuke, akae upande wa bondeni (farasi akishtuka mara nyingi hukimbilia juu), na aongee. Hata "habari za saa hizi" inatosha. Sauti ndiyo inayomwambia farasi kwamba kitu kile chenye kofia ngumu ni mtu. Msijifiche nyuma ya mti kwa heshima. Kinachojificha kinamtisha zaidi. Ukitokea nyuma yake, ita ukiwa mbali na usubiri mpanda farasi akujibu.

Matawi yakatwe hadi mita 3 kutoka ardhini, maana kichwa cha aliye juu ya farasi kinafika mbali.

Gurudumu:
Na kengele je? Wengine wanasema inatisha farasi.

Kwato Nne:
Ya mbali inasaidia. Ya ghafla, mita 3 nyuma ya mkia, ni hatari.

Gurudumu:
Sawa. Kwenye kona, kibao cha kupisha kiwe juu ya mteremko, kabla baiskeli haijashika kasi. Kikiwa konani kimechelewa. Utaratibu ni ule uliozoeleka Marekani: baiskeli inapisha wote, mwenda kwa miguu anapisha farasi. Mfano mzuri ni barabara za magari ya farasi za Acadia, hifadhi ya taifa huko huko Marekani, alizojenga tajiri John D. Rockefeller Jr. kati ya 1913 na 1940. Zina upana wa kama mita 5, na msimu wa matope hufungwa mpaka zikauke. Nanyi fungeni baada ya mvua kubwa: kwato zikiacha mashimo badala ya alama, farasi na baiskeli zisubiri.

Mtunza Njia:
Tulifikiria magogo ya kukinga maji njiani.

Fundi Changarawe:
Hapana. Gogo likilowa tairi linateleza, farasi anajikwaa, na likishajaa mchanga maji yanalipita juu. Tengenezeni matuta mapana kwa kokoto hizo hizo, kila upande uwe na mita 3 za kupanda na kushuka polepole, yakae mshazari.

Sasa kuhusu ukuta. Kwa kawaida njia inainamishwa kuelekea bondeni kwa asilimia 5, yaani sentimita 10 kwa mita 2. Kwenye mita zile 15 msifanye hivyo, mtaumwagia ukuta maji. Hapo inueni njia katikati kidogo tu, na tuta kubwa liwekwe mita 5 hivi kabla ukuta haujaanza, ili maji yawe yameshatoka. Mvua ya kwanza ikinyesha, nendeni mkaangalie kama yanayotoka pale hayarudi ukutani kwa chini.