Mshauri wa biashara ana msaada kwenye mkopo wa kubangua korosho?

mbanguaji_masasi
Habari za humu wakuu. Tuna kikundi cha kubangua korosho hapa Masasi, tunatafuta mkopo wa kununulia ghafi msimu ukifunguliwa Oktoba. Benki imetaka andiko la biashara. Kuna mshauri wa kutuandikia, anataka alipwe fedha zote kabla hajaanza. Tumpe au tuandike wenyewe?

hesabu_kwanza
Mkuu, afisa mikopo hasomi maneno, anakwenda moja kwa moja kwenye mtiririko wa fedha, yaani zinazoingia na kutoka kila mwezi. Hapo ndipo mshauri anapoonyesha thamani yake. Wekeni kilo 5 za ghafi kwa kilo 1 iliyobanguliwa. Wanaoandika 4 korosho nyepesi huwaumbua. Tuseme ghafi ni sh 3,000 kwa kilo: kilo moja iliyobanguliwa imeshakula 15,000 kabla ya ujira, kuni, vifungashio na nauli. Mauzo nayo yatenganisheni, nzima na vipande havina bei moja.

Kubwa zaidi ni marejesho. Mnanunua kwa mkupuo Oktoba hadi Desemba, mnauza kidogo kidogo mwaka mzima. Rejesho la kila mwezi likianza Novemba, mtauza ghafi ileile mliyokopea. Ombeni kipindi cha neema, yaani miezi ya mwanzo bila rejesho, na mkopo wa mashine usichanganywe na mtaji wa kuzungushia.

dada_wa_newala
Na risiti! Korosho ya kangomba, ile inayonunuliwa kwa magendo nje ya mfumo rasmi, ni kosa kisheria, tena haina karatasi, kwa hiyo benki haioni kama mlinunua kitu. Akaunti ya kikundi ifunguliwe sasa, mauzo yote yapite humo hata ya elfu ishirini. Watia sahihi wamalize kwanza madeni ya mikopo ya simu, maana taarifa zao za mikopo zitaangaliwa.

mbanguaji_masasi
Asante dada. Na dhamana? Hatuna nyumba ya kuweka.

hesabu_kwanza
Waulizeni PASS, taasisi ya kudhamini mikopo ya kilimo, wanaandaa andiko na kudhamini sehemu ya mkopo. Ila deni linabaki lenu lote, udhamini unailinda benki. Kama kikundi ni cha wanawake, vijana au wenye ulemavu, ulizeni pia ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, hauna riba.

Huyo mshauri mlipeni kwa awamu. Msikubali asilimia ya mkopo, atawakopesha zaidi ya uwezo ili fungu lake linone. Na awaachie faili la hesabu lenyewe, siyo karatasi tu. Bei ya ghafi mnadani ikipanda mbadilishe namba wenyewe.