Mradi wa kikundi, watu sita: tugawane vipi?

Mwanagenzi
Assalamu alaikum. Mradi wa chuo, watu sita, wiki tano: kupima joto la maji, chumvi na ukuaji wa mwani kwenye mashamba ya Jambiani, Zanzibar, kisha ripoti. Alama ni moja kwa wote. Tugawane vipi isije ikawa wawili wanafanya, wanne wanatia saini?

Takwimu
Waalaikumu salaam. Mfaransa Max Ringelmann alipima watu wakivuta kamba, akachapisha matokeo mwaka 1913: wavutaji wakizidi, nguvu ya kila mmoja hupungua. Kutegea kumo, na kutovuta kwa mpigo mmoja kumo. Kwa hiyo msigawane sura za ripoti. Wa utangulizi atamaliza siku mbili, wa uchambuzi atakaa bure akisubiri namba. Fanyeni jozi tatu, kila jozi na vituo viwili vya kupimia, tangu kupima hadi kuchora grafu. Pembeni ya kila namba daftarini liandikwe jina la aliyeisoma.

Mpwani
Na kalenda ifuate mwezi. Mashamba ya vigingi yanaingilika bamvua, yaani siku za maji makubwa, mwezi mwandamo na mpevu, maji yakipwa mnamo saa nne asubuhi. Wiki tano ni bamvua mbili, tatu mkibahatika. Hapo ndipo wingi wenu unapofaa: peke yako hufiki vituo sita kabla maji hayajaanza kujaa. Lakini asiyekuja siku hiyo hana pa kufidia, basi kila mmoja ajue na vifaa vya jozi nyengine. Akina mama wenye mashamba waombeni ruhusa kabla, na msikanyage kamba zao.

Takwimu
Miradi mingi hufia kwenye kuunganisha. Jozi moja inapima mwani uliochujwa, nyengine unatiririka: mtaandika "ukuaji" kumbe ni maji. Kubalianeni: tikisa mara kumi, ning'iniza dakika mbili, ndipo mizani. Rifraktomita, kipima chumvi chenu, irudisheni sufuri kila asubuhi kwa maji yaliyokenekwa, na futeni kioo baina ya vituo. La sivyo chumvi 35 ya jozi hii si 35 ya ile.

Mwanagenzi
Na anayetegea hata hivyo?

Mpwani
Mpelekeeni mwalimu daftari wiki ya pili, mumwombe sehemu ya alama iwe ya mtu mmoja mmoja. Wiki ya tano ataona ugomvi tu, hataona ushahidi.