Naomba ushauri: "bure" ya shule ni fasili ya aina gani?

Jamboni ndugu na dada. Niko hapa Bukavu, Kadutu, naandika kazi ya mwisho wa masomo ya ualimu. Sura ya kwanza imerudishwa mara ya pili. Mwalimu anayenisimamia amezungushia neno "bure" duara jekundu, pembeni kaandika: "Fasili ya namna gani?" Basi, hakuongeza kitu.

Nimemsoma Israel Scheffler, yule mwanafalsafa Mmarekani aliyezigawa fasili za elimu katika aina tatu mwaka 1960. Ya kwanza ni mapatano tu, mfano "humu ndani, mtoto ni aliye chini ya miaka 12". Ya pili inaeleza watu wanavyolitumia neno. Ya tatu ndiyo inaninyima usingizi: inajifanya inaeleza maana, kumbe imebeba agizo la nini kifanyike.

Sasa tazameni. Katiba yetu ya Kongo (DRC) ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure. Utekelezaji ukaanza 2019. Lakini kwa mama anayeuza ndizi sokoni, bure ni kutolipa minervali, yaani ada ya shule. Daftari, kalamu na sare bado anatoa mfukoni (viatu ndiyo usiseme).

Je, "bure" ya katiba niiweke aina ya tatu, na ya mama aina ya pili? Au nitunge fasili yangu mwanzoni nijinusuru? Hiyo naogopa itaonekana nimekimbia swali.

Mliokwisha kutetea kazi zenu, nisaidieni. Narudisha sura Jumatatu.