MJADALA: Kukata tiketi kuingia kanisani Lecce, mnaona sawa?

Mdau wa Bari
Wakuu, heshima kwenu. Mwezi ujao nina wageni kutoka Dar. Wameona picha za Lecce, sasa hawasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mji wenyewe mnaujua: kisigino cha Italia, mawe ya manjano hafifu, makanisa ya mtindo wa baroko, yaani yaliyosheheni nakshi, kila ukigeuka. Ila tangu 2019 mtalii haingii Kanisa Kuu, Santa Croce, Santa Chiara wala San Matteo bila tiketi. Ukienda kusali huzuiwi. Ukienda kutazama, unalipa. Nyumba ya Mungu kuwa na dirisha la tiketi, mnaona sawa?

Mtoto wa Parokia
Si sawa hata kidogo. Kanuni 1221 ya Sheria ya Kanisa iko wazi: wakati wa ibada mlango uwe huru na bure. Maaskofu wa Italia nao walisema 2012 kuingia kanisani kuwe bure, tiketi zibaki kwa makumbusho, minara na sehemu za namna hiyo. Sasa hawa wa Lecce wanamsikiliza nani? Yesu alipindua meza za akina nani pale hekaluni?

Fundi Mawe
Soma ulichoandika mwenyewe: "wakati wa ibada". Ibada ikiisha kanuni yako imenyamaza.
Halafu mnalijua jiwe la Lecce? Ni laini mno, likitoka machimboni linachongeka kirahisi. Ndiyo maana akina Zimbalo, mafundi wa makanisa hayo, waliweza kujaza ukuta mzima malaika, maua na matunda, hakuna pa kuweka hata kidole. Ulaini huohuo ndio maradhi yake. Chumvi na upepo wa bahari vinalitafuna. Sogelea nguzo za zamani uone, zimetoboka kama sega la nyuki. Mafundi wa kale walikuwa wakilipaka maziwa ili lisinywe maji. Leo fundi alipwe na nani? Sadaka ya mabibi wawili wa misa ya alfajiri?

Binti Sokomoko
Pesa si shida yangu. Simameni mbele ya Santa Croce mtazame juu ya mlango, chini ya ile roshani ndefu. Katikati ya simba na madude yenye mabawa kuna watu wenye vilemba, wamejipinda, wamebebeshwa roshani. Wanasema ni mateka wa Kituruki wa Lepanto, vita vya baharini vya 1571 kati ya Wakristo na Waturuki wa Osmani. Yaani nitoe hela nikaangalie Waislamu waliogeuzwa nguzo? Mimi simo.

Fundi Mawe
Dada, roshani iko nje. Nje ni bure. Hata hasira yako hujailipia.

Binti Sokomoko
Umejibu habari ya tiketi. Vilemba umeviruka.

Kamusi Hai
Dada ana hoja, ila asianzie 1571. Mji wa Otranto uko hapo chini, si mbali. 1480 Waosmani waliuteka, na inasimuliwa kuwa watu 813 walichinjwa kwa kukataa kusilimu. Mifupa yao imepangwa nyuma ya vioo katika kanisa kuu la Otranto, na 2013 Papa Francis akawatangaza watakatifu. Waliochonga vilemba vile walilelewa na hadithi hiyo.

Shehe Kijana
Ahaa, nilijua tutafika huku. Hiyo Santa Croce imesimama palipokuwa mtaa wa Wayahudi, wakatimuliwa. Wao walimchinja nani? Historia usiichote kwa kijiko, pale tu panapokunogea.

Kamusi Hai
Sijamtetea mtu, nimeeleza. Kama kueleza kunakuchoma, kunywa maji.

Shehe Kijana
Maji ninayo. Wewe tafuta adabu.

Mtoto wa Parokia
Wakuu, kanuni 1221...

Mama Salento
Jamani, mimi naishi huku, natunza wazee wa watu. Mnagombania watu wa mawe, walio hai hamuwaoni. Nardò iko mkoa huuhuu wa Lecce. Nendeni kiangazi, wakati wa matikiti na nyanya, mtazame nani ameinama shambani. Wengi ni vijana kutoka Afrika. 2011 waligoma pale kambini kwao, Masseria Boncuri, wamechoka na manyapara wanaowakata ujira, na mwaka huohuo serikali ikaufanya unyapara wa aina hiyo kuwa kosa la jinai. Bado haujaisha. Mgeni akishuka stesheni hapewi ramani ya huko.

Mzee wa Malindi
Kazi ni kazi. Waitaliano wamejaa huku Malindi, piza kila kona, mbona sisi hatulii? Hata Fort Jesus mchoraji wake alikuwa Mwitaliano, Cairati, na tunalipa kuingia miaka nenda miaka rudi. Hakuna aliyetuletea kanuni.

Mama Salento
Kaka, hiyo "kazi ni kazi" umeiandika ukiwa kivulini. Mwitaliano wa Malindi halali kwenye kibanda cha maboksi akamlipa nyapara nauli ya kupelekwa kazini.

Mzee wa Malindi
Sikumaanisha hivyo.

Mama Salento
Ulimaanisha nini?

Fundi Mawe
Ngome si kanisa, mzee. Ila kwa kuchanganya mada leo umetia fora.

Mdau wa Bari
Wakuu, wageni wangu je?

Binti Sokomoko
Wapeleke uwanja wa Sant'Oronzo. Kuna uwanja wa michezo wa Warumi umefukuliwa sehemu tu, sehemu nyingine imelaliwa na mji, wanauona wakiwa wamesimama barabarani. Halafu wakale pasticciotto.

Mtoto wa Parokia
Hakuna aliyejibu kuhusu maaskofu na tamko lao la 2012.

Fundi Mawe
Umejibiwa. Hukupenda jibu.

Mtoto wa Parokia
Kanuni ulijibu, tamko umelikimbia. Hakuna mahali waliposema "isipokuwa kama jiwe ni laini".

Shehe Kijana
Ongeza na vilemba kwenye foleni ya majibu.

Mzee wa Malindi
Pasticciotto ndiyo nini?

Mama Salento
Keki ndogo ya mviringo mrefu, ndani kastadi, huliwa asubuhi ikiwa ya moto. Na swali langu bado liko hapo juu.