Naomba ushauri: macho makavu lakini yanatoa machozi

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu na ugonjwa wa macho makavu. Yangu yanachoma kama yameingia mchanga, hasa jioni nikishinda kwenye kompyuta, na cha ajabu yanatiririka machozi muda wote! Daktari kanieleza kwamba jicho likikauka hujitetea kwa kumwaga machozi mepesi, maji matupu yasiyokaa juu ya jicho. Kwangu kinachokosekana ni mafuta. Vitezi vya kwenye kingo za kope vimeziba. Alipozibonyeza kilitoka kitu kizito cheupe kama dawa ya meno, wakati yanatakiwa yatoke mafuta laini.

Kanipa machozi ya bandia yasiyo na kihifadhi, na nikande kope kwa kitambaa cha uvuguvugu dakika 10 kila siku, kisha nizisugue taratibu. Nafuu ipo, ila haidumu. Matone ya kuondoa wekundu kanikataza kabisa.

Sasa, kuna aliyetumia matone ya saiklosporini, ile dawa ya kutuliza uvimbe wa jicho unaopunguza machozi? Nasikia yanachoma mwanzoni na huchukua miezi kuonyesha matokeo. Mlivumiliaje? Na vile vizibo vidogo vya kuziba tundu linalotoa machozi jichoni kwenda puani, vinamfaa mtu ambaye shida yake ni mafuta? Halafu natumia vidonge vya mzio, vile vinavyoleta usingizi, navyo hukausha macho. Kuna aliyebadilishiwa na daktari akaona tofauti?

Lensi za kuvaa jichoni nimeshaziweka kando, kwa hiyo hizo msinishauri.