Kwa nini kaboneti ya magnesiamu inavunjika mapema kuliko ya bariamu?

Kemia_F6: Wakuu habari za jioni, niko fomu six na kundi la pili la jedwali la elementi (magnesiamu, kalisiamu, bariamu) linaninyima usingizi. Ioni ya magnesiamu (atomu iliyopoteza elektroni) ni ndogo halafu ina chaji mbili, yaani inavuta kwa nguvu, sasa si ndo ingeshikana na kaboneti vizuri iwe ngumu kuvunja? Mbona kaboneti ya magnesiamu (MgCO3) inavunjika kwenye nyuzi 400 hivi na ya bariamu (BaCO3) mpaka upite 1300? Nimekariri tu, sielewi.

Mzee wa Maabara: Mdogo wangu unaangalia kifungo sicho. Ukiichoma, magnesiamu haiachani na oksijeni, utawakuta bado pamoja kwenye oksaidi yake, MgO. Kinachokatika ni kifungo cha kaboni na oksijeni ndani ya kaboneti yenyewe. Ile ioni ndogo inavuta wingu la elektroni la kaboneti upande wake, kaboneti inapinda, oksijeni moja inabaki na magnesiamu na CO2 inajiondokea. Ioni ya bariamu ni nene, nusu kipenyo chake ni pikomita 135 kwa 72 za magnesiamu, chaji ni ileile ila haiwezi kuvuta vile, ndo maana inadai moto mwingi.

Nusu_Moli: Ongeza na hili, MgO inabanana sana kwa sababu ioni zote mbili ni ndogo, kwa hiyo magnesiamu inafaidika kugeuka oksaidi kuliko bariamu inavyofaidika. Swali likiwa na maksi nyingi andika yote mawili.

Mpwani: Kaboneti ya kalisiamu (CaCO3), ndiyo iliyomo kwenye mawe ya matumbawe, ipo katikati, nyuzi 900 hivi, na sisi tumekua tukiiona. Babu alikuwa anachoma chokaa ya matumbawe, magogo yanapangwa duara mawe yanawekwa juu, moto unawaka mpaka basi. Lililoiva ukilimwagia maji linachemka na kufumuka unga, lisiloiva linakaa kimya, ujue bado ni CaCO3.

Kemia_F6: Aisee asanteni sana, hapo kwenye kifungo ndo nilikuwa napotea kabisa!! Na nitreti je?

Mzee wa Maabara: Mtiririko uleule, ya magnesiamu inatangulia kuvunjika. Zinatoa oksaidi, oksijeni na ule moshi wa kahawia, NO2, ni sumu kwa hiyo usifanyie chumbani. Nitreti ya sodiamu haitoi huo moshi ukiichoma kawaida, inaishia nitraiti na oksijeni, ila ya lithiamu inautoa kama ya magnesiamu kwa sababu ioni ya lithiamu nayo ni ndogo.